Simu ya nyumbani kwa mwenye kukosa nyumba: intaneti isizime namba ya kawaida

GOMA – Kuna neno lenye kusikika sana siku hizi katika mji wa Goma, Bukavu, Minova na kwingineko: «Simu ya kawaida imekufa, kila mtu yuko WhatsApp.» Wanafunzi wa chuo kikuu wanalisema. Wafanyakazi wa mashirika ya misaada wanalisema. Ndugu walioko Ulaya na Marekani wanalisema kila mara jamaa wa nyumbani anapowabipe: «Ingia kwenye WhatsApp, huko ni bure.» Hata viongozi wa mitaa wamelikubali. Wanatuma tangazo ndani ya grupu moja, kisha wanahesabu kwamba raia wote wamejulishwa.

Neno hilo si la kweli, na wenye kulipa deni lake si wale wenye kulisema.

Mwenye kulipa ni mama mmoja wa Masisi, anayehifadhiwa leo na jamaa moja katika mtaa wa Ndosho. Jina lake haliandikwi hapa kwa usalama wake. Alipokimbia vita, mtoto wake wa kwanza, kijana wa miaka 14, alipita njia nyingine pamoja na mjomba wake. Kijana huyo alikuwa ameshika kichwani namba moja tu: namba ya mama. Kisha wiki chache, mama aliuza simu yake ya androide ili apate unga na mafuta, akabakia na kadi ya SIM imefungwa ndani ya kitambaa. Majirani wakamwambia asiwe na wasiwasi, WhatsApp yake itafunguliwa siku yoyote kwenye simu ya mtu. Miezi ikapita bila yunite kuingia katika namba ile. Kampuni ikaikata, kisha ikaiuza kwa mteja mwingine. Siku kijana alipofika pahali penye rezo na kuomba simu ya mpita njia, namba ya mama iliita vizuri. Mwanaume asiyejulikana akaitika, akasema mama huyo hamjui, akakata.

Walionana tena kisha miezi 5, kwa sababu mtu wa kanisa lao alimtambua kijana sokoni. Wako wengi ambao hawajapata mtu wa kuwatambua sokoni.

Kisa hicho kiwekwe mezani kwanza. Kisha mtu aseme kama simu ya kawaida imekufa.

Simu ya waya, deni la zamani

Wazee wa Goma na Bukavu wanakumbuka simu ya waya, ile nzito ya kuwekwa mezani. Ilionekana katika ofisi za serikali, posta, misioni, hoteli na nyumba za matajiri wachache. Idara ya serikali yenye kuhusika nayo, OCPT, ambayo leo inaitwa SCPT, haikufikisha waya kwa raia wa kawaida. Uporaji wa 1991 na 1993, vita vilivyofuata na wafanyakazi kukaa bila mshahara vikamaliza kile kidogo kilichokuwepo. Simu za mkononi za kwanza zilionekana Kinshasa katika miaka ya 1980 na kampuni ya Telecel, lakini zilikuwa za wakubwa. Ni kuanzia miaka ya 2000 ndipo mwuza makala, mwalimu wa shule ya msingi na mama wa soko la Virunga walianza kuwa na namba.

Kwa hiyo mtu wa Kivu akisikia watu wa Ulaya wanabishana kama wakate simu ya waya nyumbani na kuchukua simu ya intaneti, anaweza kudhani ubishi huo haumhusu. Lakini simu ya waya ilikuwa na mambo matatu ambayo familia yenye kukimbia inayahitaji kuliko tajiri yeyote wa Kinshasa.

La kwanza, ilikuja na umeme wake. Mitambo ya posta ilikuwa na betri zake, na waya ule ule wenye kubeba sauti ulibeba na nguvu ya kutosha kuliza kengele. Umeme wa nyumba ukikatika, simu iliendelea kuita. La pili, namba haikuhama. Mtoto aliyeijua akiwa na miaka 7 aliweza kuipiga akiwa na miaka 30. La tatu, haikumwuliza mpigaji ana simu ya aina gani, ana programu gani, ana mega ngapi. Aliyepiga alipiga, aliyeitika aliitika.

Sasa angalia hali ya wahami wa hapa. Hawana nyumba ya kufungia waya. Mwezi wa Februari 2025, kambi za pembeni ya Goma kama Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya zilibomolewa, watu wakatawanyika. Wengine walirudi vijijini, wengine waliingia kwa jamaa mjini, wengine wanahama kila mwezi. Hakuna tena bloku, hakuna tena namba ya hema, hakuna tena mwenye kujua nani analala wapi. Anwani pekee iliyobakia ni namba ya simu.

Namba ya kawaida, ile yenye kuanza na +243 na kuita kwenye simu yoyote, ndiyo simu ya nyumbani ya mwenye kukosa nyumba. Mwenye kuifanyia mchezo anabomoa nyumba ya pili ya mtu ambaye ya kwanza imekwisha kubomolewa.

Mema ya intaneti hayakatazwi

Haki isemwe. Simu ya intaneti imefanya mambo ambayo waya haukufanya hata siku moja. Kupiga Kongo kutoka Ubelgiji ao Canada kwa njia ya kawaida ni ghali sana, na kabla ya WhatsApp kuanza kupitisha sauti katika mwaka wa 2015, ndugu wengi waliita nyumbani wakati wa kilio na wakati wa arusi tu. Leo bibi anaona uso wa mjukuu aliyezaliwa Texas. Mzazi anatuma picha ya mtoto aliyepotea, na picha inasema kuliko maneno. Baba aliye Nakivale, nchini Uganda, anaongea na mke aliye Kirotshe bila kuhesabu dakika kama mwenye kuhesabu dawa.

Kuna tena hoja ya siri, na hoja hiyo ni nzito. Maongezi ya WhatsApp yanafungwa kutoka simu moja mpaka simu nyingine. Maongezi ya kawaida, kampuni inaweza kuyasikia, na mwenye nguvu juu ya kampuni anaweza kuyasikia pia. Katika mkoa wenye vita, mtu ana haki ya kuogopa.

Lakini hata hoja hiyo ina upande wa pili. Simu ya androide ikishikwa kwenye kizuizi cha wenye silaha, inafunguliwa: picha, grupu, sauti zilizotumwa, majina yote. Simu ndogo ya tochi haina mengi ya kuonyesha. Mwenye busara anachagua njia kwa kila neno. Habari yenye hatari inasubiri intaneti na pahali pa utulivu. Habari ya «niko hai, niko Minova, watoto wako na mimi» haina siri yoyote, nayo ndiyo inapaswa kufika kwanza.

«Bure» ya nani?

Neno «bure» ni la mtu mwenye Wi-Fi nyumbani. Analipa kila mwezi, pesa inatoka kwenye benki bila yeye kuiona, na anasahau kwamba analipa. Upande wa pili wa maongezi, huku Ndosho ao Sake, mtu analipa mara tatu.

Analipa mega. Sauti peke yake haili nyingi, ni chini ya mega moja kwa dakika kwa kawaida. Lakini simu ya androide haikai kimya wakati mwenye nayo anaongea. Inapokea picha za grupu, inajifanyia marekebisho, inafungua video ambazo hakuna aliyeziomba. Ndugu wa ng'ambo akibonyeza kamera ili «aone nyumbani», video inakula mega mara nyingi zaidi kuliko sauti. Mega za wiki zinaisha katika salamu za nusu saa.

Analipa chaji. Simu ya androide yenye kutumiwa sana haimalizi siku mbili. Simu ndogo ya tochi inakaa siku kadhaa. Kwa mtu mwenye umeme nyumbani, tofauti hiyo ni ya kucheka. Kwa mtu anayepeleka simu kuchajisha kwa mwenye paneli ya jua ao jenereta, na kulipa kila mara, tofauti hiyo ni chakula cha mtoto.

Analipa simu yenyewe. Bei ya androide moja inanunua simu ndogo kadhaa. Tena androide ndiyo ya kwanza kuuzwa njaa ikiingia, na ya kwanza kuibwa njiani. Familia iliyoweka mawasiliano yake yote ndani ya androide moja imeweka mayai yote juu ya kichwa cha mtu mwenye kukimbia.

Kuna na rezo. Katika vijiji vingi vya Masisi, Walikale na Kalehe, mtu anapanda kilima ili atafute rezo, na anachokipata kule juu ni sauti na ujumbe mfupi. Ukimwambia mtu huyo «ingia kwenye WhatsApp», umemwambia asipige.

Wenye kuzima intaneti wanajulikana

Raia wa Kongo hawahitaji kuambiwa kwamba intaneti inazimwa. Wameiona.

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kote kwa amri ya serikali. Ujumbe mfupi nao ukakatwa. Hali hiyo ilidumu karibu siku 20, mpaka Januari 2019. Wakati wote huo, mwenye kutaka kujua kama mama yake alipita mwaka salama alikuwa na njia moja: kupiga simu ya kawaida, kwa yunite, sauti kwa sauti. Katika Januari 2015 pia, wakati wa maandamano, intaneti ilikatwa.

Mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini Goma, umeme ulikatika, maji yakakatika, intaneti ikakatika. Watu walikuwa chini ya vitanda na simu za bei mkononi, na simu hizo hazikuweza kutuma hata neno moja kwa WhatsApp. Rezo ya sauti haikuwa imara siku hizo, kwa sababu mnara wa simu nao unahitaji umeme ao mazuti. Lakini yenye kutegemea intaneti ilinyamaza kabisa, na ndugu wa ng'ambo walibakia kuangalia alama moja ya kijivu mbele ya ujumbe wao, siku baada ya siku.

Hata bila vita, mlima unatosha. Nyiragongo ililipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Tarehe 27 Mei, amri ikatoka ya kuondoka katika sehemu kubwa ya mji. Watu mamia ya maelfu waliingia barabarani katika siku moja, kuelekea Sake, Minova, Rutshuru na Gisenyi upande wa Rwanda. Watoto mamia walitengana na wazazi wao. Mtoto wa miaka 8 aliyepotea kati ya Goma na Sake hana WhatsApp. Ana mdomo, na kama amefundishwa, ana namba moja kichwani. Mtu mzima wa kwanza atakayemkuta, mwenye simu yoyote ile, anaweza kuipiga namba hiyo, ikiwa bado inaita.

Wako wenye kujibu kwamba intaneti ya satelaiti italeta dawa. Serikali ya Kinshasa iliikataza Starlink katika Machi 2024, kisha ikaipa ruhusa katika Mei 2025. Kifaa hicho kinaweza kusaidia hospitali, shule, redio, ofisi. Lakini sahani yake inahitaji umeme, inahitaji dola kila mwezi, na haibebwi kichwani pamoja na bidoni, godoro na mtoto. Mwenye kuileta kama jibu kwa mhami hajawahi kukimbia.

Hata Ulaya wanaogopa giza

Ndugu wa ng'ambo wanaosema «huku tumekwisha acha simu ya waya» wanasema kweli nusu. Ni kweli kwamba Ufaransa inazima nyaya zake za shaba kidogo kidogo, na kazi hiyo imepangiwa kuisha mwaka wa 2030. Ni kweli kwamba Uingereza nayo imepanga kufunga simu yake ya zamani mwanzoni mwa 2027, na sauti zote zipite kwenye intaneti.

Lakini angalia walichofanya Waingereza kabla ya kufunga. Walijua kwamba simu ya intaneti haina umeme wake, na kwamba taa ikizimika, kifaa cha intaneti kinazimika pamoja nayo. Ofcom, mamlaka yao yenye kusimamia simu, ikasema: kampuni yenye kumhamisha mteja ambaye simu ya nyumbani ndiyo tegemeo lake, lazima impatie njia ya kuita msaada wa haraka kwa muda usiopungua saa 1 umeme ukikatika, na asilipe kitu kwa njia hiyo. Ikawa ugomvi mkubwa hata hivyo, juu ya wazee wenye kuishi peke yao.

Hiyo ni nchi ambayo umeme ukikatika saa mbili watu wanaandika barua ya malalamiko. Kule, sheria inauliza: taa ikizimika, bibi ataita nani? Hapa Kivu, ambapo taa inazimika bila kuaga, hakuna anayeuliza swali hilo. Watu wanaambiwa tu wahamie WhatsApp, kana kwamba bibi wa Kitshanga ana umeme mwingi kuliko bibi wa London.

Tangazo la grupu si tangazo

Wenye kulaumiwa zaidi katika jambo hili ni wale wenye kazi ya kujulisha raia. Leo orodha ya kugawa chakula inatumwa kwenye grupu. Siku ya chanjo inatumwa kwenye grupu. Habari ya barabara kufungwa inatumwa kwenye grupu, kama sauti ya dakika nne, bila jina la mwenye kuisema wala tarehe. Mama asiye na androide anafika siku ya tatu, anaambiwa mgao umekwisha, na anaambiwa tena kwamba ilitangazwa. Ilitangazwa kwa nani?

Wenye kuachwa nje wanajulikana: wazee, wajane, walemavu, wanawake ambao simu ya nyumba inakaa mfukoni mwa bwana, na wale waliouza simu ili wale. Ni wale wale ambao msaada unasema umekuja kwa ajili yao.

Grupu lina ugonjwa mwingine. Sauti iliyorekodiwa mwaka jana inarudishwa leo, na mtaa mzima unabeba magodoro. Mwenye kuisambaza haonekani, mwenye kuianzisha hajulikani. Simu ya kawaida haiponyi uongo wote, lakini ina jambo moja: upande wa pili kuna mtu mwenye sauti inayotambuliwa, anayeweza kuulizwa, «Wewe mwenyewe umeona? Uko wapi sasa hivi?» Maswali hayo mawili yangezuia mbio nyingi za bure usiku.

Kinachopaswa kufanywa

Lawama bila njia ni kelele. Njia zipo, na nyingi hazihitaji kusubiri mfadhili.

Kwa familia: kila jamaa iwe na namba moja ya kawaida inayohesabiwa kuwa ya nyumba, hata kama androide ipo. Iwekwe kwenye simu ndogo, na simu hiyo isiuzwe kabla ya vitu vingine. Itumiwe kila mwezi bila kukosa: yunite kidogo, simu moja ya sekunde chache, ili kampuni isiihesabu kuwa imekufa. Ajue kila mmoja kwamba WhatsApp nayo imefungwa juu ya namba. Namba ikipewa mtu mwingine, mtu huyo anaweza kufungua WhatsApp kwa namba hiyo, na ndugu wataandikia mgeni wakidhani ni dada yao. Tena akaunti ya WhatsApp yenye kukaa siku 120 bila kutumiwa inafutwa. Kwa hiyo mwenye kulinda namba analinda vyote viwili, na mwenye kuacha namba ameacha vyote viwili.

Watoto wafundishwe namba hiyo kichwani, kama wanavyofundishwa jina la baba na la kijiji. Iandikwe na kwenye karatasi, ndani ya plastiki, kwa maana simu ikizimika majina yote yamezimika nayo. Iongezwe namba ya pili, ya ndugu mmoja anayeishi mbali na vita, Kampala ao Kisangani ao Lubumbashi, ambaye kila mtu atampigia kama wametengana. Waliopotezana na watu wao wajue pia kwamba Msalaba Mwekundu unafanya kazi ya kutafuta na kuunganisha familia, na kwamba kazi hiyo inaanza kwa majina, mahali na namba.

Kwa ndugu wa ng'ambo: waache kusema «bure». Mara moja kwa mwezi wapige namba ya kawaida, ao watume yunite, ili waone kama bado inaita. Yunite kidogo inayotumwa kutoka Brussels inaweza kushika namba hai mpaka mwezi mwingine. Hiyo ni zawadi kuliko video ya nusu saa yenye kumaliza mega za mpokeaji.

Kwa mashirika na viongozi: hakuna tangazo linalohusu uhai ao chakula ambalo lipitishwe kwa grupu peke yake. Lipite redioni, lipite kwa megafoni, lipite kwa simu ya sauti kwa wakuu wa vikundi vya wahami, libandikwe kwenye kabine za simu na mlango wa kanisa na msikiti. Nambari ya malalamiko iwe ya kupigwa bila yunite, na aweko mtu wa kuitika kwa Kiswahili. Orodha ya wapokeaji isimfute mtu kwa sababu hakujibu WhatsApp.

Kwa kampuni za simu: namba ya mtu anayetoka katika eneo la vita isiuzwe upesi. Kampuni zinajua minara gani imezimika na wateja gani wamepotea siku ile mnara ulipozimika. Zinaweza kungojea. Mteja aliyenyamaza kwa sababu ya mabomu si mteja aliyeacha namba. Na mwenye kurudi na kitambulisho chake, ao na mashahidi wa kijiji kama kitambulisho kimeungua, arudishiwe namba yake.

Kwa serikali na ARPTC, mamlaka yenye kusimamia simu nchini: raia wa Kongo anakumbuka RAM, ile tozo iliyoanza mwaka wa 2020 na kukatwa kwenye yunite, dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo na dola 7 kwa simu za 3G na 4G, mpaka ilipofutwa katika 2022 kisha malalamiko mengi. Siku zile, dola ya bibi mwenye simu ya tochi ilionekana vizuri sana. Ilihesabiwa, ikakatwa. Basi haki yake nayo ionekane na ihesabiwe: namba isiyouzwa wakati wa vita, sauti yenye bei ya kununulika, na mnara wenye betri ya kutosha ili uitike wakati mji uko gizani. Kama Waingereza wamepata saa 1 kwa bibi yao, wa Kongo asiambiwe kwamba anaomba mwezi na nyota.

Hakuna mama wa Goma mwenye kumwaga maji ya bidoni kwa sababu ameona wingu juu ya ziwa. Anaangalia wingu, anafurahi, anaweka masufuria nje. Lakini bidoni inabakia imejaa, imefunikwa, pembeni ya mlango. Intaneti ni mvua: ikinyesha, kila mtu achote. Namba ya kawaida ndiyo bidoni.

Yule kijana wa Masisi leo anaishi na mama yake katika chumba kimoja huko Ndosho. Mama ana namba mpya, kwenye simu ya tochi yenye kufungwa kwa mpira. Namba ya zamani bado iko mikononi mwa yule mwanaume asiyejulikana. Na mjomba, aliyetengana nao mara ya pili, bado ana ile ya zamani kichwani.